Pedeli ya Tatu

Matanga ya Shangazi Kemilembe yalipokuwa yanaelekea mwisho, watoto wa binamu zangu walianza kusafisha stoo yake pale Kagondo, na nyuma ya magunia wakakuta chuma kikubwa kilichofungwa kwa turubai. Walikivuta mpaka uani wakakizunguka. Mmoja alisema ni pampu ya maji, mwingine akasema ni kipande cha mashine ya kukoboa kahawa. Mimi nilikuwa barazani na kikombe cha chai ya msibani, ile ambayo majani yake huchemshwa mpaka yakome. Niliwaambia kwamba ile ni giaboksi ya otomatiki, na kwamba haikuwahi kufungwa kwenye gari la Shangazi hata siku moja. Walinitazama jinsi vijana wanavyomtazama mwalimu mstaafu anapoanza kukumbuka mambo. Kisha mmoja akatoa simu ili amwite mnunuzi wa chuma chakavu, nami nikamwambia kwamba akimwita, wanipandishe na mimi kwenye mzani huohuo. Simu ikarudi mfukoni.

Hasira yangu haikuwa juu ya kijana yule. Ilikuwa ya tangu siku ya mazishi, pale msemaji wa ukoo aliposimama mbele ya watu akaeleza wasifu wa marehemu: mama mchapakazi, mama aliyeendesha gari mwenyewe wakati wanawake wa hapa hawakuwa wakiendesha, na gari lake lilipoharibika, ukoo mzima ulisimama ukamtengenezea. Watu waliitikia kwa vichwa. Padre naye aliitikia. Hakuna neno hata moja la uongo pale, na hilo ndilo lililoniuma. Nimefundisha maisha yangu yote ya kazi, nimesahihisha insha hadi macho yakachoka, na sikujua ningesahihishaje ile. Nilibaki kwenye kiti cha plastiki, na mwaka mzima niliokaa kwake ukanirudia.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri kupangiwa chuo, na nilipelekwa kukaa kwa Shangazi nimsaidie. Nyumba yake ilikuwa na sebule ya mbele yenye makochi na vitambaa vya kufuma, kama sebule ya mtu yeyote wa mjini, lakini chumba cha nyuma alikitandika nyasi chini kwa desturi ya zamani, akizibadilisha zinapokauka, na huko ndiko maisha yake halisi yalikokuwa. Alikula huko, ameegemea ukuta, mguu wa kushoto ameunyoosha juu ya nyasi. Mguu ule ulikauka kwa polio alipokuwa mtoto. Kutembea kwake kulikuwa kwa kulisukuma paja kwa kiganja cha mkono, hatua kwa hatua, na kutoka chumbani mpaka jikoni alikuwa akipumzika mlangoni akijifanya anaangalia hali ya hewa. Sahani ya ebitoke, zile ndizi za kupika, na maharage nilikuwa nampelekea palepale. Alinipenda kwa sababu, alivyosema, nilikuwa sina huruma ya usoni.

Lakini asubuhi alipopanda kwenye pikapu yake, alikuwa mtu mwingine. Ilikuwa gari la Kimarekani, kuukuu hata wakati ule, rangi yake ya bluu imepauka, usukani upande wa kulia, kiti kimoja kirefu cha mbele kinachokaa watu watatu, na mkono wa gia umetokeza pembeni ya usukani. Chini kulikuwa na pedeli mbili tu, ya mafuta na ya breki. Aliipata kwa wageni waliokuja kupima barabara, ambao aliwapikia kwa muda wote waliokaa. Walikuwa na pikapu mbili za aina moja, na wakati wa kuondoka mmoja wao alimwambia kwamba gari hili halina haja na mguu wa kushoto, akamfundisha kwenye uwanda wa nyasi mpaka akaliweza. Tangu hapo alikuwa anakwenda Muleba na Kamachumu kuchukua ndizi, maharage na mananasi, na kuyapeleka mashuleni na sokoni Bukoba. Nilikaa pembeni yake nikishika mlango ambao kitasa chake kilikuwa na kawaida ya kujifungua. "Nikiwa chini, watu wanaona mguu," aliniambia siku moja tukishuka kutoka Kamachumu. "Nikiwa humu, wanaona mama anapita."

Kwenye mlima huohuo ndipo lilipotukuta. Tulikuwa tunapanda na mzigo, injini ikavuma juu zaidi na zaidi, lakini gari likazidi kupunguza mwendo, kisha likasimama kabisa huku injini bado inanguruma. Kukawa na harufu ya kitu kilichoungua. Niliposhuka kutia jiwe nyuma ya tairi, niliona oili nyekundu ikitiririka vumbini tokea mbali tulikotoka. Shangazi hakushuka. Alisogeza mkono wa gia mbele na nyuma taratibu, mara kadhaa, halafu akaegemeza kichwa kwenye usukani. Lori la kahawa lilituvuta mpaka mjini, na mbuzi wakavuka barabara bila salamu yake, mtu ambaye kwa kawaida alikuwa anazungumza na kila mmoja wao.

Fundi Salvatory alikuwa mtu mwaminifu, na nasema hivyo nikijua yaliyofuata. Alilala chini ya gari, akatoka na mikono myekundu, akajifuta, akaanza kueleza. Maelezo yote alimpa Baba mdogo Deo, mdogo wake Shangazi, aliyekuwa ametusindikiza. Shangazi mwenye gari alikuwa amekaa kwenye ngoma ya tairi hatua chache kutoka hapo. Fundi alisema ndani kumeteketea, na giaboksi ya namna hii haipo Bukoba wala Mwanza. Otomatiki za Kijapani haziingiani na injini ile. Dawa ni kufunga giaboksi ya gia za mkono, hizo zipo, na gari litadumu. Baba mdogo alikuwa anaitikia. Shangazi alingoja wamalize, ndipo akauliza, "Klachi nitaikanyaga kwa mguu upi?" Salvatory alitazama chini, akasema kwa adabu, "Ma Kemi, utapata dereva." Tulikwenda kwa mafundi wengine. Kila mmoja alimaliza kwa neno hilohilo, dereva, na kila mmoja alilitamka akidhani ndiye wa kwanza kumfariji.

Hapo ndipo Shangazi alipoikumbuka pikapu ya pili. Wageni wale walimwachia mlinzi wao, Ta Byabato, mzee wa kijiji kimoja nje ya Muleba, naye aliiendesha mpaka injini ikafa, akaiacha ndani ya kibanja chake katikati ya migomba. Injini ndiyo iliyokufa, Shangazi alisisitiza, giaboksi haikuwahi kusumbua. Aliniagiza nipande basi, nimsalimie mzee, nimwombe, na nikikubaliwa nihakikishe kwamba inatoka pamoja na ngoma yake ya mbele, ile ya mviringo inayojaa oili, maana bila hiyo ni mzigo wa bure. Simu za mkononi zilikuwa hazijafika kwetu. Niliingia basi la asubuhi nikiwa na sukari na sabuni za zawadi, nimefurahi kutumwa jambo kubwa.

Nilipofika nilikuta watu wameketi. Ta Byabato alikuwa amekufa wiki ile. Walinipokea kama mmoja wa waombolezaji, wakaniketisha kwenye nyasi za sebuleni, wakanipa akamwani, zile kahawa kavu za kutafuna, na nilitafuna muda mrefu nikitafuta pa kuanzia. Jamaa ile ilikuwa ya Kilutheri. Mara kwa mara mtu alianzisha wimbo kwa sauti ya chini na wengine wakaupokea. Mwishowe nilimsogelea mjane, nikampa pole ya Shangazi, nikamweleza. Hakukasirika. Alinishika mkono akaniambia kwa upole kwamba kwenye nyumba ile, kwa sasa, hata kijiko hakitoki. Mwenyewe amekwenda na mwenyewe mwingine hajatajwa. Mpaka siku ya kumaliza msiba, ukoo utakapomtaja musika, yaani mrithi mkuu, hakuna wa kusema ndiyo wala hapana juu ya kitu cha marehemu. Aliniruhusu kwenda kuitazama. Ilikuwa imezama kwenye majani makavu ya migomba, kuku wametagia kwenye kiti. Nililala chali chini yake na gauni langu la safari, nikafuta udongo kwa kiganja, na nikaiona, nzima, na ngoma yake mbele. Nilibaki pale chini nikiishika, nikatamani niing'oe kwa mikono.

Nilimrudishia Shangazi jibu nikitegemea atalalamika. Alisema tu kwamba mjane yule ana haki, na tutangoja. Kesho yake tulituma mkungu wa ndizi. Jumapili iliyofuata alitaka kwenda mwenyewe, kwa basi, kitu alichokuwa hajafanya tangu apate gari. Utingo alimbeba kumpandisha, akimshika makwapani mbele ya abiria wote, na Shangazi aliangalia mbele tu. Kule msibani aliketi chini na wanawake wengine mchana kutwa, mguu ameunyoosha, na nilijua maumivu aliyokuwa nayo kwa sababu alicheka kila alipozungumzishwa. Tulikwenda hivyo kila Jumapili. Sidai kwamba alikuwa anakwenda kwa ajili ya marehemu peke yake. Alikuwa na shida yake na hakuificha. Lakini kadiri siku zilivyopita, alijua majina ya wajukuu wote, na mjane akawa anamwekea gogo la mgomba la kuegemea, lililofungwa kitenge.

Wakati huo Kagondo kulikuwa na vikao vingine. Jumapili moja Shangazi alikuwa na homa, hatukusafiri, na baada ya misa Baba mdogo alikuja na wazee wawili wa ukoo. Mimi nilikuwa jikoni namenya ndizi. Ukuta wa jikoni ulikuwa haufiki darini na maneno yote ya sebuleni yalinifikia. Walisema Dada anajitesa. Walisema mwanamke mwenye hali yake kupandishwa basi na utingo ni aibu ya ukoo mzima. Walisema tuchange, kila nyumba itoe, gari lisimame tena barabarani, na Baba mdogo akasema kwa sauti iliyojaa kweli, "Dada yangu hatahangaika tena." Nilifurahi. Nilidhani wanachanga ili tuweze kuisafirisha giaboksi kutoka Muleba na kumlipa fundi aifunge. Nilimpelekea Shangazi habari hiyo pamoja na uji, naye alitabasamu akiwa amelala akasema Deo ana moyo, ila huwa anachelewa kuuonyesha. Nimekirudia kikao kile kichwani mara nyingi tangu siku hizo. Hakuna aliyetaja klachi. Sidhani hata kama waliifikiria. Walikuwa wanampenda, na kwenye mapenzi yao hapakuwa na nafasi ya kumuuliza.

Siku ya kumaliza msiba tulilala Muleba. Asubuhi ukoo wa marehemu ulikaa, ukamtaja Onesmo, mtoto mkubwa wa kiume, aliyekuwa anafanya kazi Mwanza, kuwa ndiye musika. Alivishwa kanzu ya baba yake, akakalishwa kwenye kiti chake. Shangazi alingoja watu wa karibu wamalize, kisha akajisogeza mbele, akapeleka ombi lake kwa maneno machache. Onesmo alimwangalia mama yake, na mama yake akaitikia. Onesmo akasema kwamba mtu aliyekaa nao chini kwa muda wote ule hawezi kutajiwa bei. Jumatatu vijana waliifungua giaboksi wakaitoa kwenye majani, ngoma na vyote, tukaifunga kwa turubai, na dereva wa lori la kahawa akatupa nafasi. Shangazi aliketi mbele, na kila tulipopita shimo aliniuliza kupitia kidirisha cha nyuma kama imetulia. Sijawahi kumwona binadamu ana furaha ya namna ile kwa ajili ya chuma.

Tulipokata kona ya Kagondo tuliona watu uani. Mbuzi alikuwa ameshachinjwa, moshi unapanda, wazee wamekaa kwenye mabenchi, na katikati ya uwanja pikapu imeoshwa inang'aa na matairi yamepakwa rangi nyeusi. Injini ilikuwa inaunguruma. Baba mdogo alitoka mbio kumpokea dada yake, akamshusha kwenye lori kwa mikono yake mwenyewe, akamwongoza mpaka mlangoni mwa gari akamfungulia. Watu wakapiga vigelegele. Shangazi alijivuta, akakaa, akaweka mkono pale pembeni ya usukani ulipokuwa mkono wa gia, na mkono ukashika hewa. Akatazama chini. Kulikuwa na pedeli tatu, na katikati ya sakafu, mahali palipokatwa upya, umechomoza mkono mpya wa gia. Alishuka, akawageukia, akamshukuru kila mzee kwa jina lake, akauliza kama mbuzi ameiva. Alikula nao. Aliwahudumia kwa maneno yake mazuri mpaka wa mwisho alipoaga, na giaboksi ya Ta Byabato ikabaki kando ya njia ndani ya turubai, hakuna aliyeuliza ni nini.

Kesho yake alimwita Salvatory. Fundi alikuja akiwa ameshaelewa, hata kiti hakukubali. Alisema Deo alimwambia kwamba Ma Kemi amekubali kupata dereva. Propela, mhimili unaozungusha magurudumu ya nyuma, ilikatwa, chesisi ikakatwa na kuchomelewa, na giaboksi iliyoungua imeshaondoka na watu wanaoyeyusha vyuma kutengenezea sufuria. Shangazi alimuuliza kama inawezekana kurudisha. Salvatory alikuna kichwa akasema kwa chuma inawezekana, kazi ni kubwa lakini inawezekana. "Ila hii ni kazi ya ukoo, Ma Kemi. Kila nyumba imetoa. Siwezi kuibomoa wasipokaa wakaniambia." Na hapo ndipo kamba ilipofungwa. Kukaa kwao kungekuwa kuwaambia wazee kwamba zawadi yao ni makosa. Alingoja msiba wa watu mpaka ukaisha kwa sababu aliheshimu mambo yanavyokwenda, na sasa mambo yaleyale yalikuwa yamemkalia shingoni. Nilimwambia awaambie tu. Alinijibu kwamba mimi bado ni mgeni wa watu.

Alichofanya badala yake hakikupita kichwani mwa mtu yeyote. Asubuhi moja, kabla Baba mdogo hajafika kumwendesha, alikaa kwenye usukani akaniita nikae katikati ya kiti, nimbane kabisa. "Lete mguu wako wa kulia," alisema. Klachi ilikuwa pedeli ya kushoto, na kwa kujipinda niliifikia. Yeye akawa na usukani, mafuta, breki na gia. Mimi nikawa na klachi. Alisema "kanyaga" na "achia", na kwa wiki ya kwanza tuliruka kama vyura hadi migomba ya jirani. Baadaye hakuhitaji tena kusema, nilihisi bega lake likielekea kwenye gia na mguu wangu ukashuka wenyewe. Tulikwenda Muleba hivyo. Tulipanda ule mlima wa Kamachumu hivyo, na mzigo. Watu walicheka barabarani, nasi tukacheka zaidi yao. Baba mdogo ndiye hakucheka. Alikuwa amejiandaa kuwa dereva, na aliumia kweli, akasema tunamtangaza kama mtu aliyemnyang'anya dada yake kitu. Shangazi alimjibu kwamba gari linatembea, si ndicho walichotaka.

Kisha nikapangiwa chuo cha ualimu Mwanza. Nilimwambia Shangazi kwamba nitaomba kuahirisha mwaka mmoja, na nilikuwa nasema kweli. Sikuona chuo kinachozidi ile barabara. Alikuwa amekaa kwenye nyasi anachambua maharage, na aliendelea kuchambua.

"Mwaka mmoja, halafu?"

"Halafu tutaona, Shangazi."

"Halafu mwingine. Tayari nina mguu mmoja usiokwenda, Koku. Sitaki na wewe uwe wa namna hiyo." Alipepeta ungo, akapuliza makapi. "Mguu wako ni wako. Nenda nao."

Siku ya kusafiri Baba mdogo ndiye aliyetuendesha mpaka bandarini. Alikuwa dereva mzuri, nisimnyime haki yake. Mimi nilikaa katikati kama nilivyozoea, na Shangazi akakaa dirishani upande wa kushoto, mahali ambapo hakuwahi kukaa kwenye gari lake. Alizungumza njia nzima, aliniusia kuhusu baridi ya asubuhi na wasichana wa mabwenini, sauti yake ya kawaida kabisa. Tulipoanza kushuka mteremko wa kwenda ziwani, niliangalia chini. Mguu wake wa kulia, ule mzima, ulikuwa unakanyaga sakafu tupu. Baba mdogo alipopaswa kushika breki, ulikanyaga. Aliposhika, ukaachia. Kwenye kona ulitangulia kidogo kuliko yeye, na kila mara ulikuwa sahihi. Shangazi aliendelea kuzungumza, na mguu ukaendelea kukanyaga hivyo mpaka gari liliposimama bandarini.